Salfa ni ya Mikorosho

...na benchi lenyewe limechongwa na fundi anayechukia makalio ya wenzake, mbao tatu zimeachana, ya katikati inanigusa palepale penye moto, nikiegemea kushoto nachomwa, nikiegemea kulia nachomwa na nyongeza, na watu wote hapa nje wamejikalisha kama wamekuja kutibiwa mafua ya kistaarabu, yule mama wa kanga ya njano anajifanya anasoma bango la chanjo, bango lina maneno manne, analisoma tangu tufike, mnafiki, anasikiliza, sote tunasikiliza, tutaachaje, mlango wa daktari ni pazia, na aliyeko ndani ni mzee Nurdini, fundi baiskeli wa sokoni hapa Newala, masikio yake yalistaafu kabla yake, basi daktari Loveness, kabinti haka, sauti juu kama dalali wa mnada wa korosho, babu unaumwa nini, eeh, unaumwa nini babu, naye mzee anajibu kwa nguvu ileile, maana kiziwi hudhani viziwi ni wenzake, kunawasha, wapi babu, huku, huku wapi, huku kwenye uanaume... mama wa kanga ya njano kavuka kwenda neno la pili la bango... nami nacheka kimoyomoyo, mzee mzima, mvi mpaka masikioni, amekwenda kuokota wapi hayo, na Yuster mke wangu kakaa hapa ubavuni, hacheki, hanitazami, begi lake kaliweka katikati yetu kama shemeji, akitoka hapa anapanda gari la Masasi, kisha Chidya kwa mjomba wake Cuthbert, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mtu anayesalimia kwa sentensi zenye nukta, na huko ndiko ndoa yangu itakakohukumiwa, maana kwetu mwanamke ana wajomba, na wajomba wakisema basi ni basi, sasa mimi nifanyeje, si ugonjwa huu ameleta yeye, mimi sijatoka nje ya ndoa, najijua, au uliingia dirishani? Yuster akasema neno moja tu, Baba Huruma, tutakwenda kwanza kwa daktari sote wawili, aseme mbele yetu, ndipo niondoke, nikasema twende, na nimekuja kwa hamu, nimekuja kumwona akiinamisha uso...

babu una mke, eeh, una mke, mke wangu alikufa, lini, zamani, kabla ya barabara ya lami, na mwanamke mwingine je, mzee anacheka, kicheko cha mnyororo usio na grisi, mjukuu wangu, mimi nilale na nani, na baiskeli?... ngoja... ngoja kidogo, mzee anadanganya, wazee wote waongo... panda kitandani babu nikutazame, pazia linapumua kwa upepo, mama wa kanga ya njano naye kaacha kupumua, haya vaa babu, nimeona, pamekuwa pekundu, pana utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, ngozi imechanika kidogo, ukikojoa inachoma, inachoma, usaha unatoka, hautoki, basi sioni dalili ya kisonono, hawa ni fangasi... fangasi, siku hizi kila mtu anajua, yule muuza dawa wa Masasi naye alijua, nilikwenda mpaka Masasi nisitambulike, sikumwonyesha kitu, nilimnong'oneza tu, akanipima kwa macho kuanzia kichwani hadi kwenye mkanda akasema kisonono hicho kaka, akanipa vidonge vya rangi mbili, nikavimeza vyote, ugonjwa ukashukuru ukaongeza eneo, ndipo nilipoutazama mwenyewe vizuri mchana kweupe, utando mweupe, unga unga, nikasema ahaa, huyu namjua, huyu ni ubwiri unga, si ndiye anayekausha maua ya mikorosho yangu kila mwaka, na ubwiri unga dawa yake salfa, na salfa ninayo stoo mfuko mzima, mkulima wa korosho nitashindwaje na ua langu mwenyewe, nikamuuliza Salmini, bingwa wa pampu, anapulizia mashamba ya kijiji kizima, akakuna kidevu kama profesa akasema, ukungu ni ukungu ndugu yangu, ila usipulize, paka kidogo kwa pamba, mjinga, na aliyemsikiliza mjinga anaitwaje... nikapaka, nikasimama, nikasubiri kama mtu aliyepiga hodi, halafu moto ukaitika karibu, nilizunguka jiko nikitembea kama bata aliyevalishwa suruali, nikajimwagia ndoo nzima ya maji ya Yuster, maji ya kununua, maji ya huku juu mlimani ambayo mtu anayahesabu kwa kata, akatoka na dada yake Dorothy aliyekuja kutusalimia, akauliza Baba Huruma kuna nini, nikapaza sauti ili majirani nao wasikose, kuna ulichonipa wewe, muulize aliyekupa... Dorothy akashika mdomo, Yuster hakushika kitu...

sasa nani kaniletea, anauliza mzee huko ndani, swali zuri mzee, swali langu hilo, mjibu daktari, tusikie... hakuna aliyekuletea babu, eeh, hakuna aliyekuletea, fangasi hawa wapo mwilini mwa watu, wakipata nafasi wanastawi, mtu akimeza ovyo vidonge vya kuua bakteria anafukuza walinzi, fangasi wanabaki na nyumba, na sukari ikipanda mwilini ndiyo wanafanya karamu, wanaweza kupita kwa mwenza, naye akiwashwa aje atibiwe, lakini kuwa nao si ushahidi kwamba mtu amezini, unanielewa babu, kwani unakunywa sana maji, sana, unakojoa mara nyingi, mpaka mbwa wa jirani wamenizoea hawabweki tena, basi tutapima sukari leo... mbwa wamemzoea, na mimi je, nimemaliza mtungi wa nyumba kisha nikamlaumu Yuster kwa chumvi, mboga yako inaniua kwa kiu, akaonja, akasema mbona haina chumvi, Baba Huruma nenda kapime, suruali zinakudondoka, nikamwambia wewe pima unga wa ugali, ndilo nililomwambia, na wageni tuliokuwa tunakula nao wakacheka, mimi nikiwachekesha watu huwa sitazami nani hacheki...

osha kwa maji safi, si kwa sabuni ya kufulia, kausha vizuri, paka dawa hii tabaka jembamba asubuhi na jioni kwa wiki mbili, usiache kwa sababu muwasho umekwisha, na usipake kitu kingine chochote, chochote kama nini, anauliza mzee, watu wanapaka vingi babu, wengine dawa ya meno, wengine mafuta ya taa, na salfa hajaitaja, daktari mzima hajaitaja salfa, hakuna kichwa chuoni kwao kilichoweza kuiwaza, nitakwenda kuwafundisha mimi... na Yuster kanyoosha shingo kuelekea pazia, kidogo tu, amesikia, hakuna aliyekuletea, lile amelisikia, wala hanigeukii kunionyesha kwamba amelisikia, angenisonya ningepata pa kushika, kakaa tu, mikono magotini, kama mtu aliyekuwa anajua jibu tangu nyumbani na amekuja kunisindikiza nilisikie... sema tena daktari, paza sauti, sema kwamba hakuleta yeye, ukisema wewe inakwisha, nami nabaki nimenyamaza kama mwenye busara... ona mwoga huyu, nimezunguka benchi zima natafuta wa kumdharau, mama wa kanga, mzee, Salmini, muuza dawa, nimebaki na huyu anayekaa upandeupande, daktari hakumtukana Yuster, nilimtukana mimi, kwa sauti, na neno lililotangazwa halifutwi kwa kunong'ona, itabidi nilitangaze na hili, haya, na asikie wa kanga ya njano, na Chidya nitakwenda mimi, nitasimama mbele ya mwalimu Cuthbert na sentensi zake, nimweleze, shikamoo mjomba, sikuja na malalamiko, nimekuja kuyafuta, Yuster hana kosa, atauliza sasa ilikuwaje, nitamweleza salfa, yote, atacheka mzee wa kanisa mpaka miwani idondoke, na acheke... Mama Huruma, hapana, si hivyo, Yuster, hapana, Mama Huruma, mimi nilikusingizia, hivyo, fupi, bila mzaha nyuma yake... mzee bado anauliza, asubuhi na nini, asubuhi na jioni babu, eeh, na jioni, pazia limetulia, Yuster anatazama mbele, nami nimeshavuta pumzi