Tarumbeta Kwenye Mpunga

Kelestini akipuliza tarumbeta kijijini Kisawasawa, kuku wa kijiji cha pili, Mang'ula, hugeuza shingo. Anayebisha akawaulize kuku. Lakini asubuhi hiyo alipuliza mbele ya ofisi ya kijiji mpaka mishipa ya shingo ikamsimama kama kamba za kuanikia nguo, na waliokuja ni mbuzi tu.

Dada yake, Febronia, alikaa kwenye benchi, kajitanda kanga. Mkutano wa kijiji ndio ungeamua: shamba la mpunga alilolima na marehemu mumewe libaki lake, au liende kwa shemeji yake Alphonce, aliyeshikilia kuwa mjane hana fungu kwenye ardhi ya ukoo. Tangu mazishi Alphonce alikuwa amelishika na kumkataza hata kukanyaga tuta.

"Watu wako wapi, kaka? Ulisema muziki utawaleta."

"Muziki wangu uliwahi kusimamisha treni, wewe!"

"Treni iliharibika."

"Iliharibika kwa utamu."

Mwenyekiti, mzee Viktor, akatikisa kichwa. "Msimu wa ndege huu. Nani atashuka kwenye dungu lake la kulindia shamba aje huku, mpunga uliwe? Akidi isipotimia naahirisha mpaka baada ya mavuno. Shamba linabaki kwa Alphonce."

Alphonce, aliyesimama mlangoni, akatabasamu. Ndiye aliyeomba mkutano uitwe msimu huo.

Hapo Febronia, mpole kuliko maji ya mtungini, akasimama. "Kaka, beba tarumbeta," akasema, kisha akamgeukia mpiga ngoma wa Kelestini. "Hilary, beba ngoma yako. Watu hawaji, basi tuwafuate."

Njiani akatunga wimbo:

*Nilipanda naye, nikapalilia naye,*
*mbona kuvuna niwe mgeni?*

Sasa, bonde lile lina desturi. Ngoma au debe likilia mashambani, ujue ndege wamevamia, na jirani haulizi: anakimbia na debe lake. Hilary alipoipiga ngoma mara ya kwanza tu, watu wakamiminika kutoka kwenye madungu, makombeo mikononi.

"Wamevamia kwa nani?"

"Kwa Febronia!" Kelestini akajibu bila kupepesa.

"Ndege gani?"

"Mmoja tu. Amevaa suruali, anaitwa Alphonce."

Kicheko kikavuka matuta. Febronia akaanza kuimba wimbo wake, sauti ya chini kwanza, kisha ikakaza. Tarumbeta likamdaka, na madebe yakashika mdundo wa sangula, ngoma ya kwao. Kwelea, ndege wale walao mpunga, wakapaa wingu zima. Wasemao kweli wanasema walitua mbali kule Mahenge kuomba hifadhi.

Mzee Viktor akafika na baiskeli, Alphonce nyuma yake kwa miguu, akihema.

"Mkutano ni ofisini!" Alphonce akapaza sauti.

"Ofisini kuna mbuzi," akasema Viktor. "Kijiji kiko huku. Haya, ndugu zangu, shamba la nani?"

Leticia, jirani wa shamba hilo, akasogea. "Shemeji Alphonce, siku ya kupandikiza mpunga huu ulishika tuta lipi?"

Leticia akawageukia wenzake.

"Leo anafukuzwa Febronia," akaendelea, "kesho mume wangu akifa nafukuzwa mimi."

"Nipo hapa nasikia!" mumewe akalalamika.

"Basi nyosha mkono ungali hai!"

Akaunyosha. Wakanyosha wote, madebe juu, hata Viktor akapoteza hesabu na kuanza upya, kisha akachoka. "La Febronia," akasema. "Andikeni hivyo."

Alphonce akageuka kuondoka. Febronia akamwita, "Shemeji! Siku ya kuvuna uje. Na mundu wako." Hatua zake zikapungua kasi kidogo.

Febronia akavua kandambili, akavuka tuta polepole kama anayeingia kanisani. Upande wa mtoni mpunga ulikuwa umeliwa vibaya. Akapanda dungu, akakaa pale alipozoea kukaa mumewe, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Muziki ulikuwa umenyamaza, na kwelea mmoja jeuri akarudi. Febronia akaumba donge la udongo uliolundikwa pale dunguni, akatupa kwa nguvu zote. Likamkosa ndege, likampata Kelestini mgongoni.

"Mama yangu! Samahani, kaka!"

"Samahani ya nini?" Kelestini akasema, akijikung'uta shati. "Shamba lako hilo. Tupa lingine."