Gari Lililologwa kwa Gundi

Mume wangu Mabula hanunui dhahabu bila kupima. Ukimletea kiroba cha mawe kutoka shimoni, atachota kidogo, atatwanga, ataosha kwenye karai, atatazama juani huku amefumba jicho moja, kisha atakwambia mzigo wako hafifu. Miaka kumi na minne anafanya biashara hiyo hapa Masumbwe na hakuna mchimbaji aliyewahi kumwingiza mjini. Gari alilinunua kwa kusikiliza redio yake.

Muuzaji aliitwa Davis, kijana wa Kahama mwenye uwanja wa magari yaliyotumika na mdomo uliopakwa asali. Mabula alipofika, alikuta gari la viti saba limeshawashwa, injini ina joto lake, akaona huo ni ukarimu. Akajaribu redio, akajaribu kiyoyozi, akapiga honi mara mbili. Boneti hakufungua. Akatia saini karatasi iliyosema mnunuzi amekagua na ameridhika na gari kama lilivyo, akapewa kava la usukani la bure, akarudi nyumbani anapiga honi tangu barabara kuu.

Watu walikuja kushangaa. Dada yake mkubwa, Nyamizi, anayekaa jirani yetu, alilizunguka gari mara moja akauliza, "Mdogo wangu, kuna fundi aliyelikagua?" Mabula alicheka akasema wanawake hawajui magari. Mimi nilinyamaza, na kwa hilo najilaumu mpaka leo.

Siku ya tatu gari lilichemka njiani kwenda Geita. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mabula akampigia Davis, na Davis, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, akamjibu, "Kaka, pole sana. Kwani ulilizindika kwa dawa? Huko kwenu watu hawapendi kuona mwenzao anang'aa."

Maneno hayo yalimwingia mume wangu kuliko dawa ya sindano. Huku kwetu kwenye dhahabu, kutapeliwa ni aibu, lakini kulogwa ni cheo. Aliyetapeliwa ni mjinga. Aliyelogwa ni mtu mwenye mali, mtu anayeonewa wivu, mtu wa kuogopwa kidogo. Mabula alipewa nafasi ya kuchagua kati ya ujinga na cheo, na hakuchelewa hata dakika.

Akaenda kwa mganga. Mganga akaona mwanamke wa damu yake, anayekaa upande wa mashariki, aliyelitazama gari kwa jicho baya. Nyamizi anakaa magharibi, ila Mabula aliona hilo ni kosa dogo. Si ndiye aliyeuliza habari za fundi? Siku ya mnada, katikati ya watu, mbele ya wauza ng'ombe na wauza mitumba, akamtaja dada yake kwa jina.

Sitanii ninapofika hapa. Mwanamke wa umri wa Nyamizi akishaitwa mchawi huku kwetu, hapati usingizi tena. Aliegemeza kinu mlangoni kila jioni, usije ukasukumwa usiku. Watoto waliokuwa wanakwenda kwake kula karanga walikatazwa. Mara moja alikuta mawe matatu yamerushwa juu ya bati lake. Na Mabula, kila akiulizwa, alijibu kwamba mambo ya ukoo yana wenyewe.

Nikalikokota gari mpaka kwa Donatus, fundi asiyependa maneno mengi. Alifungua silinda hedi, kile kichwa cha injini, akaniita nione. Ilikuwa na ufa mrefu kama kidole, umezibwa kwa gundi ya chuma na kupigwa msasa. Kwenye dashibodi, waya wa taa inayoonya injini ikipata joto ulikuwa umekatwa na kufungwa nailoni. Donatus aliandika yote, akapiga picha, akasema, "Mama Klara, huyu mchawi ana spana."

Nilimwambia Mabula afungue shauri mahakamani Kahama, la sivyo narudi kwetu na watoto. Alikubali kwa sharti kwamba yeye atakaa kimya na mimi nitakuwa shahidi. Nyamizi akaomba kwenda nasi, akakaa benchi la nyuma.

Hakimu, mama mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alisoma ripoti ya Donatus. Davis akasimama akiwa na simu. Alisema gari lilikuwa zima, saini ipo, na zaidi ya hapo mdai mwenyewe amekiri. Akafungulia meseji ya sauti ambayo Mabula alimtumia alipotoka kwa mganga. Sauti ya mume wangu ikajaa chumba kizima: "Davis mdogo wangu, gari lako halina kosa lolote. Ni dada yangu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Hakimu akamuuliza Davis kama huyo dada ndiye aliyepaka gundi.

Davis akatabasamu, akasahau alipo. "Mheshimiwa, ile gundi ilipakwa vizuri sana. Ingevumilia hata mwaka kama asingekimbiza."

Hata karani aliacha kuandika. Hakimu alieleza taratibu, kama anaongea na mtoto, kwamba karatasi ya "ameridhika" haimlindi muuzaji aliyejua ubovu akauziba mnunuzi asiuone. Huwezi kuridhika na ufa uliofichwa. Kisha akavaa miwani yake, akamgeukia Mabula.

"Lakini sauti ni yako. Siwezi kukuamulia jambo ambalo wewe mwenyewe umelikana. Sema mwenyewe, si mkeo. Gari hili lililogwa, au ulidanganywa?"

Mabula alitazama viatu vyake. Nilijua kwamba kama angesema lililogwa, Nyamizi angerudi kwenye kinu chake akiwa amehukumiwa mara ya pili, na mimi ningelala kwa wazazi wangu siku hiyohiyo.

"Nilidanganywa," akasema.

"Sisikii."

"Nilidanganywa, mheshimiwa. Sikufungua boneti. Dada yangu hana kosa."

Hakimu aliamuru Davis achukue gari lake, arudishe hela yote na gharama za fundi. Nje, Mabula alikuwa amesharefuka tena. Alimwambia kila aliyepita kwamba haki ya mnunuzi haipotei, kama vile amezaliwa nayo mdomoni. Halafu akamsogelea dada yake, akainama.

"Shikamoo dada. Umesikia mwenyewe. Yameisha."

"Marahaba. Nimesikia," Nyamizi alisema. "Na hakimu amesikia, na karani, na yule kijana wa magari. Hakuna hata mmoja wao anayerusha mawe juu ya bati langu. Wale ulionitangazia hawakuja Kahama. Kesho kutwa ni mnada."

Mabula akanitazama nimwokoe. Akaninong'oneza kwamba mnadani wanakuwepo wateja wake wote wa dhahabu, watamwonaje. Nikamjibu kwamba ndiyo, watakuwepo wote, kwa hiyo tutoke nyumbani mapema.