Sabufa Kwenye Kiti cha Baba

Mume wangu alipomaliza kupanga chumba chake cha muziki, maringo yalimjaa mpaka kwenye kope. Zulia jipya, pazia nene, spika mbili ndefu, na sabufa kubwa, ile spika ya besi, aliyoiweka kando ya kabati kwa sababu tu hapo ilipendeza. Katikati ya chumba akaweka kiti cha heshima cha baba yangu. Baba ni mpiga gitaa la besi tangu ujana, na rekodi ya zamani ya bendi yake ndiyo ingefungua chumba.

Muziki ukaanza. Baba akainamisha kichwa, akasikiliza, uso ukazidi kusinyaa.

"Ngoma naisikia, tarumbeta naisikia," alisema. "Mimi simo."

Tukaongeza sauti. Vikombe vikaanza kugongana jikoni, Baba bado hajisikii. Kesho yake akanipigia simu: ameacha bendi, na gitaa lake atampa kiongozi wao. Jumamosi angelileta nyumbani kwangu, kiongozi alichukue hapo.

"Masikio yamekwisha, mwanangu. Tusidanganyane."

Niliumia sana. Kisha nikakasirika, na hasira zangu haziendi mbali, huishia kwa mume wangu. Besi gani hiyo inayotikisa vikombe jikoni lakini haimfikii mtu aliyeketi mbele yake? Nikakikalia kile kiti mwenyewe. Kweli, besi hakuna. Nikasogea ukutani, nikaikuta imejaa tele.

"Baba si kiziwi," nikamwambia. "Kiziwi ni kiti chako!"

Akashika kichwa. Sauti nzito ikigonga ukuta hurudi, akasema, na ikikutana mahali pabaya na ile inayokuja, zinamezana. Dawa ipo, ila ina aibu kidogo: sabufa inakaa kitini, msikilizaji anatambaa sakafuni. Pale atakapoisikia vizuri, ndipo inapohamia.

Jumamosi Baba akaja na gitaa ndani ya mfuko wake. Sabufa ilikuwa imeshatulia kitini ikinguruma, mgeni rasmi kabisa. Tulipomweleza, alituangalia kwa zamu, akakunja suruali, akapiga magoti. Sasa mume wangu atasimamaje wima na mkwewe yuko chini? Naye akashuka. Wakaongozana kando ya ukuta, mimi nikauma kanga nisicheke.

"Baba, nikutangulie?"

"Fuata nyuma, na ufunge mdomo."

Karibu na mlango Baba akasita. Akarudi nyuma kidogo, akasogea tena.

"Hapa."

Tukaihamishia hapo, mahali pabaya kwa macho, mlango ukawa unafunguka nusu. Baba akarudi kitini, tukaanza rekodi upya. Vidole vyake vya kushoto vikaanza kutembea juu ya paja.

"Huyo ni mimi," akasema. Machozi yalinitoka bila hodi.

Kiongozi wa bendi akafika, akajipenyeza mlangoni kwa ubavu.

"Mzee, nimefuata lile gitaa."

Baba hakufumbua hata macho.

"Lina mwenyewe," akasema.