Dakika Mbili za Kadi ya Kumi

Kadi ya simu ya shilingi kumi Noordin anatuuzia ishirini. Muulize kwa nini, atakwambia mafuta ya pikipiki, barabara mbaya, na kwamba hakuna mwingine anayehangaika kutuletea kadi ila yeye. Bulla yetu ina nyumba thelathini na kitu, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka Modogashe, na duka ni hilo hilo lake moja. Kwa hiyo tunalipa, tunamtukana kimoyomoyo, tunaenda zetu. Mwanangu Deeq aliye Garissa huniambia, "Hooyo, weka bando tuonane kwa video." Bando! Anione ninavyokonda? Bando ya siku moja ni bei ya nusu kilo ya sukari, na ukishainunua, mtandao wenyewe uko juu ya kichuguu.

Ndiyo, kichuguu cha mchwa. Nyumbani simu ni tochi tu. Ukitaka kuongea unatembea mpaka nyuma ya lambo, unapanda kichuguu kile kikubwa, unasimama ukiangalia upande wa barabara, na ukigeuza kichwa kidogo tu mtu amekupotea. Mimi mwenyewe nimewahi kuteguka mguu pale kwa ajili ya kumpigia mtu ambaye hata hakushika.

Basi siku hiyo binti yangu Hamdi alikuwa na uchungu siku ya pili. Mimba ya kwanza. Mume wake yuko na ngamia huko upande wa Wajir, habari anazipata akifika kisimani. Zahanati yetu ina kufuli; nesi alienda likizo na hakuna aliyeletwa mahali pake. Mkunga wetu ni Saado, mama aliyezalisha nusu ya watu wa hapa, na Saado si mtu wa kutishika. Asubuhi hiyo alitoka ndani, akanawa mikono, akanishika bega.

"Ardo," akaniambia, "mtoto amekaa vibaya. Mimi nimefika mwisho wangu. Tafuta gari apelekwe hospitali, na ulitafute sasa hivi."

Gari gani? Gari ninalolijua mimi ni pikapu ya adeer Warsame, mdogo wa marehemu baba yangu, anayebeba mbuzi. Nilijua yuko Modogashe, na nilijua akishaswali adhuhuri ataondoka kwenda Isiolo. Nikimpata kabla ya adhana, Hamdi atalala hospitali. Nisipompata, basi tena.

Nilikimbia kwa Noordin, na nilipofika mlangoni ndipo nikakumbuka sikubeba hata senti. Alikuwa amebakisha kadi moja, ya kumi. Akaniangalia usoni, akaisukuma mbele yangu. "Chukua tu, eeddo. Nenda." Wallahi, ndiyo siku ya kwanza katika maisha yangu kumsikia Noordin akisema chukua tu.

Kumi ni dakika mbili na sekunde chache. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Adeer, Hamdi anakufa, leta gari. Maneno matano! Mtu anaweza kuyasema akiwa anapiga chafya. Nikapanda, nikaikwangua kadi kwa kucha, nikaiingiza, nikapiga. Ikaita, ikaita, nikaanza kulia hata kabla hajashika.

Lakini lazima mjue sisi ni watu wa namna gani. Kwetu habari haitangulii salamu. Kwanza unaulizwa amani, watu, mifugo, mvua, malisho, na yote unajibu amani, alhamdulillahi, hata kama paa linaungua juu ya kichwa chako. Ukishamaliza, ndipo unasema "ila", na hapo ndipo habari inaanza. Mtoto anafundishwa hivyo kabla hajajua kufunga kamba ya mbuzi. Na kumkatiza mzee wa umri wa baba yako ni sawa na kumtemea mate.

"Assalamu alaykum, adeer! Hamdi..."

"Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Nani huyo?"

"Ni Ardo. Adeer, nisikilize, gari..."

"Ardo! Ardo wa kaka yangu! Mbona unanifokea? Hata salamu hunipi? Ni amani?"

Aa, ulimi wangu! Laiti ningeung'ata siku hiyo ukatoka damu. Miaka hamsini na miwili umefundishwa kitu kimoja, na ukakifanya.

"Ni amani, adeer."

"Watu wote wazima?"

"Wazima, alhamdulillahi."

"Mvua imewafikia?"

"Kidogo. Adeer, naomba..."

"Na malisho?"

"Yapo."

"Wale ngamia waliokuwa wanakohoa?"

"Wamepona."

Adeer ana pumzi ndefu. Kwenye simu anaongea kama amewekewa birika zima la chai na hana pa kwenda. Nilikuwa namjibu mbio mbio, nikidhani nikijibu haraka atamaliza haraka, kumbe yeye ananipa heshima, hataki kuruka hata mmoja wetu. Akauliza habari za Deeq. Akauliza habari za mume wa Hamdi. Nikajibu, amani, amani.

"Na Hamdi mwenyewe? Yuko salama?"

"Yuko salama, alhamdulillahi, ila adeer..."

Ikakata. Akaja yule mwanamke wa kampuni, na sauti yake ya asali, kuniambia kwa Kiswahili sanifu kwamba salio langu halitoshi kupiga simu hii. Nilimtukana matusi ambayo nitaulizwa siku ya kiyama.

Nikajaribu kukopa kredo, ikakataa. Nikatuma ule ujumbe wa bure wa "nipigie", mara tatu, mpaka kampuni ikasema nimemaliza ya leo. Lakini adeer hajui kusoma. Simu yake ikilia mlio mfupi yeye hudhani ni matangazo, anairudisha mfukoni. Nikangoja hivyo hivyo, jua limenikalia utosini, simu nimeiinua juu kama mjinga. Labda robo saa. Ndipo nikamwona Saado amesimama mlangoni kwangu, anapunga shali. Hamdi alikuwa ananiita.

Nikashuka mbio. Nilipopita dukani nikampigia Noordin kelele kwamba simu imekata, sijafikisha neno. Yule mtu ninayemtukana kila siku akafunga duka, akabeba dumu la maji, akashika njia ya kwenda barabara kuu kutafuta lori. Kilomita kumi na nane, kwa miguu maana pikipiki yake ilikuwa imeharibika, kwenye jua lile. Na mimi nikaingia ndani na simu yangu mfukoni.

Hamdi alikuwa amelowa jasho mpaka nywele. Akanishika mkono.

"Hooyo, adeer amesemaje?"

Ningemwambia nini? Niambieni nyinyi. Ningemwambia nimempigia adeer na tumeongea habari za ngamia?

"Anakuja," nikasema. "Yuko njiani."

Saado akaniangalia, akasoma uso wangu wote, akainama. Hamdi akatabasamu, wallahi akatabasamu, akaomba avalishwe buibui yake nzuri na viatu vipya, asifike hospitali akionekana kama mtu wa porini. Nikamvalisha buibui. Kiatu kimoja nikakivalisha, cha pili kikakataa, mguu ulikuwa umevimba. Akajilaza ameelekeza sikio mlangoni.

"Hilo si gari, hooyo?"

"Ni upepo, mwanangu. Amekaribia."

"Na hilo?"

"Ni punda wa Saado. Atafika sasa hivi."

Adhana ya adhuhuri ikatoka. Nikajua adeer ameshaondoka kwenda Isiolo, nikaendelea kusema yuko njiani. Nilisema mpaka Hamdi akaacha kuuliza. Alikufa karibu na alasiri, na mtoto ndani yake. Saado alikaa chini akajifunika uso kwa shali ile ile, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akilia.

Noordin alirudi magharibi, miguu imepasuka, amepanda lori la mbuzi lililokuwa linatoka Modogashe. Dereva alikuwa mtu mzima, alishuka haraka akiuliza mgonjwa yuko wapi. Alipotuona tulivyokaa akavua kofia. Akanipa simu yake. "Ina kredo, mama," akasema. "Wapigie wote unaotaka."

Tukaenda naye kichuguuni, akanishika mkono nikapanda. Simu yake ilikuwa mkono wa kulia, yangu mkono wa kushoto, nisome namba ya Deeq. Yangu ikaanza kutetemeka. Ujumbe ukaingia, na mwingine, na mwingine. Ulipigiwa na namba hii. Ulipigiwa na namba hii. Mara sita, na zote sita ni adeer. Ya kwanza ilikuwa saa sita kasoro dakika tano, na ya mwisho saa tisa kasorobo.

"Unamjua Warsame, wa pikapu ya mbuzi?" nikamuuliza dereva.

"Nani asiyemjua? Nimemwacha Modogashe leo hii saa tisa. Amekaa ndani ya pikapu, injini imewashwa, mbuzi amewashusha wote. Anauliza kila mtu kama mtandao umeanguka upande huu. Anasema kuna neno mtoto wa kaka yake hakulimaliza, na hawezi kusafiri kabla hajalisikia."

Simu ilikuwa mfukoni mwangu wakati wote huo, ndani ya nyumba, haina mtandao, nikiwa nimemwinamia mwanangu nikimdanganya kwamba gari liko njiani. Na lingekuwa njiani kweli, kama ningekaa juu ya kichuguu kile dakika kumi zaidi.