Uchafu Unatoka

Kila mgonjwa wa zahanati yetu ya Bwera alikuja na chupa yake. Wengine walileta ya bia, wengine ya mafuta ya taa, nami niliwafukuza wakaioshe tena. Mwaka huo wa 1968 nilikuwa na miaka sita ya kutoa dawa, dresa Zedekia, mhudumu wa zahanati ambaye wote walimwita musawo, yaani tabibu, na sikuwa na subira na watu wabishi.

Dawa ya tumbo ilikuwa moja tu: magnesia, maji meupe mazito yenye ladha ya chokaa. Inapoza asidi, inatuliza kiungulia, na inalegeza tumbo. Huko kulegeza ndiko kulikonitaabisha. Watu waliharisha, wakaogopa, wakaimwaga. Sasa kwetu huku milimani, kuanzia Bwesumbu mpaka Bugoye, dawa hupimwa kwa kile inachokitoa mwilini. Isiyotoa kitu si dawa. Basi nikabuni maneno yangu, nikawa nawaambia wote: "Ukiharisha usiogope. Ni uchafu unatoka." Wakafurahi, wakamaliza chupa zao. Nilijiona mjanja kweli.

Lanyero alikuja na chupa tupu ya waragi, ile pombe kali. Mumewe, koplo Ojara, alikuwa katika kambi ya askari iliyowekwa hapa mpakani. Askari wale hatukuwapenda, tusidanganyane. Lakini mwanamke huyu alipanga foleni pamoja na wake wa wakulima bila kujikweza, nikamheshimu.

"Musawo, tumbo ya bwana inachoma," alisema. "Akikula inachoma, asipokula inachoma zaidi. Hata kulala hawezi."

"Kwa nini haji mwenyewe?"

"Anaogopa afande. Mtu akigonjwa wanamurudisha nyumbani, kazi inaisha."

Nilipaswa kukataa kumpa dawa ya mtu nisiyemwona. Badala yake niliijaza chupa, nikamwambia vijiko viwili mara tatu kwa siku, atikise kwanza. Kisha nikamalizia kwa wimbo wangu: akiharisha asiogope, ni uchafu unatoka.

Siku ya tisa alirudi akitabasamu, amebeba kichana cha ndizi.

"Asante, musawo. Dawa yako iko na nguvu. Uchafu inatoka."

"Vizuri, mama," nikasema huku naandika.

"Siku tatu sasa. Iko nyeusi, inanata kama lami. Sikujua mtu anaweza kubeba uchafu namna ile. Sasa amelala tu, amechoka, midomo imekuwa nyeupe."

Niliacha kuandika. Magnesia haitoi kitu cheusi. Ile ilikuwa damu, imevuja kwenye kidonda cha tumbo na kugeuka rangi njiani. Siku tatu mume alikuwa anavuja damu, na mke anashukuru, kwa sababu nilimfundisha kushukuru.

Nilikimbia mpaka kambini. Ojara alikuwa mkekani, jasho la baridi limemlowanisha, na mshipa wa mkono wake ulipiga mbiombio, kwa udhaifu. Tulimpandisha kwenye lori la jeshi kwenda hospitali Kasese. Kabla hatujafika Kikorongo akakata roho. Lanyero alikuwa amempakata kichwa, mkono mmoja umeshika chupa, akingoja lori lipunguze kutikisika ampe vijiko vya mchana.

Wiki iliyofuata alikuja kuniaga. Jeshi lilikuwa linamrudisha kwao kaskazini. Alisimama mbele ya meza yangu, foleni nyuma yake imefika mpaka mlangoni.

"Musawo, niulize kitu. Siku ile uchafu ilianza kutoka, nilisahau kumupa dawa ya jioni. Mara moja tu. Ndiyo ilimuua?"

Ningeweza kumtua mzigo ule palepale. Ilitosha kusema: mama, hukukosa lolote, mimi ndiye niliyekosa. Nikawatazama watu wa foleni, wote wanasikiliza, wote wameshika chupa. Niliona haya, na niliogopa. Niliwaogopa askari, niliogopa kazi yangu, nilimwogopa hata yeye.

"Labda," nikasema.

Aliinamisha kichwa taratibu, kama aliyekuwa ameshajihukumu zamani. Akaniomba radhi kwa kunisumbua, akatoka.

Mama mmoja wa Bugoye akasogea, akaweka chupa yake mezani, akaomba ile dawa inayotoa uchafu. Nikamjazia.