Wavu Wenye Ndala za Kijani

Mzee Lazaro Mughwai alikuwa anamtoa perege kwenye wavu, samaki bado anapigapiga mkia, aliposikia sauti ya mwanamke nyuma yake.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Huo wavu ni wangu."

Aliitikia marahaba kwanza, maana salamu ni salamu hata ikija imebeba shutuma. Kisha akageuka. Alikuwa Theodora, yule mjane aliyerithi mtumbwi wa mumewe na kuupiga kafi mwenyewe, watu wakamcheka mwaka mmoja halafu wakachoka. Alisimama ndani ya maji ya magoti, na mtumbwi wake ulikuwa mtupu.

"Umesemaje, mama?"

"Nimesema huo wavu ni wangu. Natoka pale nilipoutega jana jioni. Nimekuta maji tu."

Lazaro akautazama wavu uliojaa tumbo la mtumbwi wake. Dakika moja iliyopita ulikuwa wake kama vile miguu yake ilivyokuwa yake. Sasa alipoutazama, hakujua aanzie wapi.

Pale mwaloni inapopandishwa mitumbwi, upande ule wa Ziwa Singidani ambako asubuhi unaona mabati ya mjini yakimeremeta, nyavu hutambuliwa kwa ndala. Ndala hukatwa vipande, vikatobolewa na kufungwa kwenye kamba ya juu ili wavu uelee, na kila mvuvi ana rangi yake. Ni kama ng'ombe wanavyokatwa masikio kwa alama ya ukoo: humwulizi ng'ombe jina la mwenye mali. Kwa miaka ishirini na sita Lazaro alikuwa mtu wa bluu. Theodora alikuwa mtu wa nyekundu, kama marehemu mumewe.

Lakini wavu huu ulikuwa na ndala za kijani.

"Kijani ni rangi yangu," alisema Lazaro.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu mwezi uliopita. Bluu zangu zililiwa na jua. Nilimtuma binti yangu Flora dukani kwa Manji, akakuta kijani tupu."

"Na mimi nilikwenda kwa Manji," alisema Theodora. "Na mimi nilikuta kijani tupu. Ila mimi niliitangaza rangi yangu hapa, ziwa lilipofunguliwa kwa uvuvi. Waulize."

Watu walikwisha kusogea. Mwaloni habari haihitaji mjumbe. Miraji, katibu wa wavuvi, alikuja na daftari lake kwapani, mtu mwembamba anayependa mambo yaende kwa utaratibu. Nyuma yake alikuja Shukuru, mtengeneza mitumbwi, ambaye hapendi jambo lolote liende kwa utaratibu likiwa linaweza kwenda kwa kicheko.

"Ni kweli alitangaza," alisema Miraji. "Siku ile ulikuwa msibani Issuna, Mwenyekiti. Nimeandika. Theodora, kijani."

"Na mimi je? Umeniandika nini?"

Miraji akafunua kurasa, akapandisha miwani. "Wewe ni bluu."

"Mwenyekiti wa bluu anavua kwa kijani!" alisema Shukuru. "Sasa samaki watamjuaje?"

Watu wakacheka. Lazaro hakucheka. Hakutangaza kwa sababu alijiambia, nani asiyeujua wavu wa Lazaro Mughwai? Lilikuwa jambo la kweli kabisa alipojiambia, na sasa lilisimama mbele yake kama mgeni asiyemfahamu.

Jambo lililomtisha halikuwa kicheko. Lilikuwa sharti la tisa la masharti ya wavuvi. Atakayepandisha wavu wa mwenzake atakaa nchi kavu msimu mzima, na jina lake litasomwa mbele ya watu. Wakati wa kuandika masharti yale, Miraji alitaka waongeze neno la huruma kwa mtu aliyekosea bila kukusudia. Lazaro ndiye aliyekataa. Ndiye aliyesema, "Andika: kwa kujua au kwa kutojua. Mvuvi asiyejua wavu wake si mvuvi." Watu walimpigia makofi siku ile.

"Hebu tulia, mama," alisema kwa sauti yake ya vikao. "Jana nilitega karibu na jabali. Usiku upepo ulivuma, kila mtu ameusikia. Asubuhi nimeukuta umesogea kidogo kuelekea kusini. Nikaupandisha. Basi."

"Umesogea kiasi gani?"

Lazaro akafikiri. Alfajiri kulikuwa na ukungu. Aliona ndala za kijani, akafurahi, akavuta. "Kama hatua hamsini," alisema.

"Hatua hamsini kusini mwa jabali ndipo wavu wangu unapoanzia."

Shukuru akageuka kutazama upande wa jabali.

"Tuangalie mafundo," alisema Lazaro, na moyo ukamrudia kidogo. Ndala ni plastiki tu, lakini fundo ni mkono wa mtu. Fundo lake yeye hulizungusha mara tatu, mwisho unaingia chini. Akauinua wavu kwenye mwanga, akatafuta kiraka, akakipata. Mizunguko mitatu, mwisho chini. "Haya, tazameni! Hili ni fundo la nani?"

"La kwako," alisema Miraji.

"Hakika ni la kwako, mzee," alisema Theodora taratibu. "Si wewe uliyenishonea wavu wangu wakati ziwa limefungwa? Si wewe unayeshona nyavu za watu wote hapa?"

Lazaro akabaki ameushika wavu juu. Mkono ulikuwa wake, fundo lilikuwa lake, na havikumsaidia kitu. Akajaribu kukumbuka kiraka kile alikishona kwenye wavu gani. Alikumbuka kivuli cha banda, alikumbuka chai, alikumbuka redio ya jirani. Wavu hakuukumbuka.

"Kama huu ni wa Theodora," alisema Miraji, "basi wa Mwenyekiti bado uko majini. Na kama huu ni wa Mwenyekiti, wa Theodora uko majini. Twendeni tukautafute."

Lilikuwa neno la akili. Wakaingia wanne kwenye mtumbwi wa Theodora, kwa sababu ndio uliokuwa mtupu. Theodora alikaa nyuma na kafi, Shukuru mbele. Lazaro alikaa katikati kama abiria, jambo ambalo halijawahi kutokea. Walipita jabalini: hakuna kitu. Walipita kusini: hakuna kitu. Flamingo waliosimama kwenye maji mafupi waliwatazama, wakainuka, wakatua mbele kidogo.

"Labda mmoja wenu hakutega," alisema Shukuru.

"Mimi nilitega," alisema Theodora.

"Na mimi nilitega," alisema Lazaro, akashangaa kusikia sauti yake ikijitetea kama ya mtu anayeulizwa na polisi.

Waliuona kwenye matete, mbali zaidi ya walivyotarajia, umejisokota kama nguo iliyokamuliwa. Ndala za kijani zilichungulia juu ya maji. Ulikuwa umechanika pande mbili, na ndani yake mlikuwa na kambale mmoja na perege watatu wadogo. Urefu ule ule, matundu yale yale. Mawe yake yalikuwa yameokotwa kilima kile kile ambako kila mtu huokota mawe. Lazaro akapekua mpaka akapata kiraka. Mizunguko mitatu, mwisho chini.

"Sasa tumekuwa na nyavu mbili," alisema Shukuru, "na wenyewe wawili. Hesabu imekubali, lakini sielewi kitu."

Waliporudi, mwalo ulikuwa umejaa. Nyavu mbili zikatandazwa mchangani, mmoja kando ya mwingine. Kando ya ule wa kwanza kulikuwa na ndoo mbili za perege wanene, zimefunikwa majani mabichi. Kando ya ule wa pili kambale alikuwa analalia ubavu wake pamoja na wale perege wadogo watatu.

"Mwenyekiti," alisema Miraji, akafungua daftari, "tuambie upi ni wako, niandike."

Watu wakamngojea. Aliwahi kuwaamulia mambo magumu kuliko hili. Mgogoro wa mpaka wa banda la kukaushia samaki aliumaliza kwa maneno mawili. Angeweza kunyoosha kidole, na mkono ulianza kunyanyuka wenyewe. Huu! Nani angembishia? Lakini macho yalitoka wavu huu yakaenda ule, yakarudi, na kila yaliporudi aliona kama nyavu zimebadilishana nafasi. Aliutazama wa kwanza akauona wake. Aliutazama wa pili akauona wake pia. Baada ya hapo hakuona wake hata mmoja.

"Sijui," alisema.

"Umesema?"

"Nimesema sijui, Miraji. Masikio yako mazima. Sijui wavu wangu."

Pakawa na mnong'ono kama wa mbuzi wakipita kwenye mabua. Mtu mmoja nyuma alisema kwa sauti ya chini, "Kwa kujua au kwa kutojua," na hakuna aliyemcheka. Lazaro akajua kuwa wote wanayakumbuka maneno yale, na wanakumbuka aliyeyasema.

"Wewe, mama," alisema Miraji. "Ulidai wa kwanza. Bado unasema ni wako?"

Theodora akautazama wavu wa kwanza. "Asubuhi niliziona ndala," alisema. "Nilijua kwa ndala."

"Na sasa?"

Lazaro akaingilia. Alitaka liishe, na alitaka liishe kwa haki hata kama haki hiyo ingemweka nchi kavu mpaka mvua nyingine. "Theodora, tazama vizuri. Utambue wako mbele ya watu. Ukisema ni ule niliopandisha mimi, chukua wavu na samaki, na Miraji asome jina langu. Sitabisha."

Theodora akazunguka nyavu zote mbili. Akachutama kwenye ule wenye ndoo, akapitisha kamba vidoleni, ndala kwa ndala. Akaenda kwenye ule uliochanika, akaugusa mara moja tu, kama mtu anavyogusa paji la mtoto mwenye homa. Akasimama.

"Wangu ni huu," alisema. Ulikuwa ule uliochanika.

Watu wakapumua kwa pamoja. Miraji aliandika haraka, kana kwamba aliogopa neno lisije likarudi kinywani. "Hakuna kosa," alisoma. "Lazaro Mughwai, kuanzia leo, arudi bluu au atafute rangi nyingine. Kikao kimefungwa."

Shukuru alimpiga Lazaro begani. "Umepona, mzee!"

Lazaro hakumsikia vizuri. Alimfuata Theodora, ambaye alikuwa anaukunja wavu wake mbovu na kuwatia kambale na wale perege wadogo kwenye ndoo.

"Mama. Umeutambua kwa kitu gani?"

"Si umesema nitambue?"

"Ndiyo. Nakuuliza kwa kitu gani. Ulipougusa ule wa kwanza, uliona nini?"

"Niliona wavu, baba."

"Usinifanyie hivyo. Kama ulinionea huruma niambie. Nitamwita Miraji afute."

Theodora akamtazama. Lazaro aliusoma uso ule kwa bidii zote alizokuwa nazo. Aliona uchovu na jua, na kitu kingine ambacho kingeweza kuwa huruma, au kicheko, au jicho la mtu ambaye naye hajui na ameamua kwenda nyumbani.

"Mzee Lazaro, uliniambia nichague mbele ya watu."

"Nilisema utambue."

"Basi nimetambua." Akajitwika ndoo. "Shikamoo."

"Marahaba," alisema Lazaro, kwa sababu hakuna neno jingine la kujibu shikamoo.

Akabaki na ndoo mbili za samaki. Ziwa lilikuwa lake tena, msimu mzima, na alisimama kwenye ukingo wake kama mtu aliyekabidhiwa mzigo stendi na asiyemjua aliyemkabidhi. Akawaza kumpelekea Theodora ndoo moja. Lakini kama samaki ni wake yeye Lazaro, atakuwa anamlipa kwa ajili ya nini? Na kama ni wa Theodora, kwa nini ampelekee moja?

Mchuuzi wa samaki kutoka mjini akasimamisha baiskeli, akafunua majani, akapiga mluzi.

"Shikamoo, mzee! Perege hawa wazuri ni wa kwako?"

Lazaro akazitazama ndoo.

"Ndivyo walivyoandika," alisema.