Ndagala wa Baraza la Papa Grégoire

Kila Jumatano saa tisa, nyuma ya parokia moja ya Kalemie, Mama Générose alikaa kwenye benchi la kushoto na mumewe Florent kwenye la kulia. Papa Grégoire, mpatanishi wa ndoa, alikuja na abakosti yake ya kijivu, suti ya wakubwa wa enzi za Zaire, kana kwamba Zaire nzima bado iko kifuani mwake. Mkewe Marthe aliweka beseni katikati.

Bila beseni kikao hakikuanza. Mtu akidanganya mbele ya baraza, samaki walimtoka mdomoni. Uongo mdogo ulitoa ndagala wachache, wale dagaa wa ziwani, uongo mnene ulitoa kuhe mzima, samaki mkubwa wa kujaza sufuria. Générose alishazoea, ila harufu ilimchosha.

"Papa Florent, ulimupiga huyu mama?" akauliza Papa Grégoire.

"Hata siku moja!" Ndagala wakamwagika hadi kwenye viatu vyake.

Marthe akawaokota. Wiki ile mbalamwezi iliwaka mno, wavuvi hawakutoka na taa zao, na sokoni hapakuwa na samaki hata mmoja. Wazee wa baraza walitazama beseni wakimeza mate.

Générose alikuwa na neno moja tu. Immaculée, binti yake wa miaka sita, alikuwa amewekwa kwa mama mkwe mpaka shauri liishe, na hiki kilikuwa kikao cha kumi na moja. Jino la mbele la mtoto lilishang'oka, naye Générose alisikia kwa majirani tu. Roho ilimuuma, jamani.

"Bapapa, muamue leo," akasema. "Alinipiga, njo maana nilitoka. Nataka mutoto wangu arudi."

Mdomo wake ukabaki mkavu, hakutoka hata ndagala mmoja.

"Mama huyu hana mchango," akanong'ona mzee Nicolas.

Wakamgeukia Florent. Mtoto analelewaje?

"Vizuri sana! Mimi mwenyewe ninamuogesha."

Kuhe wa kilo mbili akaanguka puu!

"Endelea, Papa Florent!" akasema Marthe.

Papa Grégoire akafunga daftari. Mambo yote yako wazi, akasema, kwa hiyo lazima tutafakari zaidi. Turudi Jumatano.

Générose akasimama mbele yake. "Papa, mutoto wangu atarudi lini?"

"Karibuni tu, mama," akajibu kwa upole. "Sisi wote tunakuonea huruma."

Ndagala wakamtoka, fungu zima, wabichi, wakirukaruka juu ya abakosti. Marthe akainama kuwaokota, asipoteze hata mmoja, akamwomba Générose amsogezee beseni.

Générose akalisogeza.